Kutulia Si Kwisha: Kufunga na Kukomaza Mvinyo wa Asali

Mhadhara kwa wafugaji nyuki na wakulima wa kahawa wa Namswea, Mbinga



Nimeombwa nizungumzie namna mtu anayeanza anavyoweza kutengeneza mvinyo wa asali nyumbani kwake, akaufunga kwenye chupa na kuuacha ukomae. Sehemu ya kutengeneza nitaipita upesi, kwa sababu wengi wenu mmekwisha kuona asali ikichachuka tangu utotoni. Nitakaa kwenye chupa. Huko ndiko watu wanakoumia, na huko ndiko kinywaji kizuri kinakoharibikia.

Afrika Mashariki haijawahi kukosa kinywaji cha asali. Tanzania tuna wanzuki. Wakikuyu wana muratina, Wakamba wana uki, na Ethiopia wana tej, ambayo hutiwa majani na vijiti vya gesho ili ipate uchungu. Muratina imepewa jina la tunda lenyewe linaloichachua, tunda la mwegea. Hupasuliwa, huchemshwa, huanikwa juani, kisha hutiwa kwenye maji ya asali. Likishatumika, fundi halitupi. Hulikausha tena na kulitunza, maana chachu imebaki ndani ya nyuzi zake ikingoja asali nyingine. Huo ni ujuzi mkubwa, na waliouvumbua hawakuwa na maabara.

Vinywaji vyote hivyo vinafanana kwa jambo moja na ulanzi mnaoujua, ule unaogemwa asubuhi na kunywewa jioni: hunywewa vikiwa bado vinafanya kazi. Siku tatu, siku tano, pengine wiki, na kibuyu kimekwisha. Povu likipanda linamwagika, gesi ikizidi inatoka mdomoni mwa chombo. Hakuna anayeumia kwa kuwa hakuna kilichofungwa. Mtu anayeleta chupa na kizibo amebadilisha kanuni nzima, hata kama asali ni ileile na maji ni yaleyale. Ameifungia chachu mlango. Kuanzia hapo anapaswa kuwa na uhakika kwamba chachu imemaliza kazi yake, na uhakika huo haupatikani kwa macho wala kwa masikio.

Nianze na kile kinachoingia kwenye chombo. Asali nzuri ina sukari karibu asilimia 80 na maji chini ya asilimia 20. Ikiwa nzito hivyo, chachu haiwezi kufanya lolote ndani yake. Ndiyo maana asali iliyorinwa ikiwa imeiva hukaa miaka. Asali ya nyuki wadogo ina maji mengi zaidi, na mara nyingi huanza kuchachuka yenyewe ndani ya chupa. Hiyo ni tamu na ina harufu ya pekee, lakini anayeanza asiitumie, kwa sababu hatajua alichoanza nacho.

Kwa chombo cha lita tano, chukua kilo moja na nusu ya asali, ongeza maji yaliyochemshwa na kupoa hadi jumla ifike lita tano. Ukipima kwa haidromita, yaani kipimo cha uzito wa kimiminika, utaona karibu 1.090, na ukiacha chachu ifanye kazi hadi mwisho utapata kilevi cha asilimia 12 hivi. Wazungu wa zamani wasiokuwa na haidromita walitumbukiza yai bichi lililotagwa siku hiyo: kwenye maji matupu yai huzama, kwenye maji ya asali ya uzito huu huanza kuelea. Ni kipimo cha kubahatisha, ila kinatosha kukuonyesha kwamba hujakosea sana. Wafugaji wa ng'ombe wenye laktomita wasiitumie hapa. Vipimo vyake vinaanzia 1.015 na kuishia 1.040, kwa ajili ya maziwa tu. Mwanzo wa mvinyo uko juu ya mizani yake na mwisho wake uko chini.

Chachu ya mvinyo ikipatikana ndiyo bora. Hamira ya mikate inafanya kazi, ila huchoka mapema na inaweza kuishia njiani, jambo tutakalolirudia. Asali ina sukari tele lakini ina upungufu wa naitrojeni, na chachu isiyopata naitrojeni hunung'unika kwa harufu ya yai bovu. Kijiko kimoja cha hamira iliyochemshwa kwa dakika chache, kwa hiyo imekufa, ni chakula kizuri kwa ile iliyo hai. Funika chombo, pitisha mpira mwembamba kwenye kifuniko, ncha yake iingie kwenye chupa yenye maji. Gesi itatoka ikibubujika na hewa haitaingia.

Chombo chenyewe kiwe cha kioo, cha chuma kisichoshika kutu au ndoo ya plastiki ya chakula. Mvinyo wa asali ni mkali kwa asidi, na asidi hula madini ya zinki kwenye ndoo za bati na shaba kwenye masufuria ya zamani, ikayaingiza kwenye kinywaji. Na katika wilaya ya kahawa lazima niseme hili waziwazi: dumu lililowahi kubeba dawa ya kupulizia mibuni haliwi safi kamwe, hata ukiliosha mwezi mzima. Lisikaribie kinywaji wala maji ya kunywa.

Sasa tufike kwenye baridi ya Mbinga.

Katika nchi ya miombo msimu mkubwa wa kurina asali huangukia baada ya mvua, kati ya mwezi wa tano na wa saba. Mtu anapata asali yake mpya, anachanganya, anatia chachu. Mwezi wa sita na wa saba huku milimani ni baridi. Chachu ya mvinyo hupenda joto la kati, na kwenye baridi hupunguza mwendo hadi ikalala. Mapovu kwenye chupa ya maji yanakuwa moja kwa dakika, kisha moja kwa saa, kisha hakuna. Juu pametulia, chini mashapo yamejipanga, na kinywaji kinaanza kung'aa. Mwenyewe anaonja, anakuta utamu kidogo, anafurahi. Anafunga chupa zake mwezi wa nane na kuzipanga stoo. Mwezi wa kumi joto linapanda. Chachu inaamka, inakuta sukari, inaendelea pale ilipoachia. Au tuseme mwenye chupa amemchukulia ndugu yake zawadi, akateremka nayo Mbamba Bay. Ziwa Nyasa liko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, na kushuka kutoka milimani hadi ufukweni ni kutoka sweta hadi jasho. Chupa haihitaji kungoja Oktoba. Inaipata Oktoba yake kwenye basi.

Nguvu inayojengeka humo inahesabika, nami nataka muihesabu. Kila gramu 2 za sukari zinazoliwa na chachu hutoa karibu gramu 1 ya kaboni dayoksaidi. Kila pointi moja kwenye haidromita, yaani kutoka 1.001 kushuka 1.000, ni karibu gramu 2.6 za sukari kwa lita. Wafaransa wanaotengeneza champagne hutia makusudi gramu 24 hivi za sukari kwa kila lita kabla ya kufunga, na matokeo yake ni mgandamizo wa angahewa 6 hivi ndani ya chupa, karibu mara tatu ya upepo wa tairi ya gari dogo. Kwa ajili hiyo chupa yao ni nzito, kioo chake kinene, na kizibo chake hufungwa kwa waya. Chukua sasa mvinyo wa asali uliolala kwa baridi ukiwa 1.010. Umebakiwa na pointi kumi, na pointi kumi ni gramu 26 kwa lita. Mtu huyu ametengeneza champagne bila kujua, akaifungia kwenye chupa ya mvinyo wa kawaida au ya pombe kali, ambayo haikutengenezwa kubeba hata theluthi ya mzigo huo. Chupa ikipasuka, vigae huruka hadi ukutani. Stoo za nyumbani kwetu ndimo watoto wanamochezea na ndimo mama anamoinama kuchota unga.

Ndiyo maana nasema kutulia si kwisha. Ninyi mnalijua jambo hili kwa kazi nyingine. Kahawa mbivu ikishamenywa hulazwa kwenye tangi hadi ute uachie, na fundi mzuri hatazami saa peke yake. Huzamisha mkono, husugua punje, akisikia zinakwaruza ndipo anaamuru zioshwe. Siku ya baridi tangi hukawia, siku ya joto huwahi, na mkono ndio unaojua. Kwa mvinyo wa asali mkono huo ni haidromita. Ni kitu cha kioo, chepesi, kinavunjika upesi, na kikundi cha watu kumi kinaweza kununua kimoja na kukitunza. Naona ni kifaa cha kwanza kununua, kabla ya chupa nzuri na kabla ya lebo za rangi.

Kanuni ninayoipendekeza kwa vilima hivi ni hii: mvinyo wa asali mpya usifungwe kwenye chupa kabla haujapita joto la Oktoba na Novemba ukiwa bado ndani ya chombo chenye mpira. Acha baridi iulaze na joto liuamshe ukiwa huru. Ukianza kububujika tena mwezi wa kumi, usisikitike. Ndio kazi iliyobaki. Pima mwanzoni mwa Desemba. Kwa kiasi nilichokupa unatarajia 1.000 au chini yake kidogo, labda 0.996. Pima tena baada ya wiki mbili, kisha tena baada ya wiki mbili nyingine. Namba zikiwa sawa zote tatu, na chini hivyo, funga. Zikiwa sawa lakini zimekwama juu, kwenye 1.015 au 1.020, usifunge, hata kama zimekwama mwezi. Hapo chachu imechoka au imekufa njaa, na haiaminiki. Chukua chachu mpya, iamshe kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu yenye asali kidogo, iongeze taratibu kwa siku mbili mvinyo uleule unaotaka kuuokoa ili izoee kilevi, kisha umimine wote.

Najua wengi hapa mnapenda kinywaji kitamu na mtaniuliza kwa nini nataka sukari yote iishe. Utamu unaweza kurudi, ila urudi kwenye glasi. Mimina mvinyo mkavu, koroga kijiko cha asali nzuri ya maua ya kahawa au ya miombo mbele ya mgeni wako. Atapata harufu ya asali mbichi ambayo uchachushaji huiondoa, nawe utalala usingizi. Zipo kemikali za viwandani za kuizuia chachu isizaliane, na watengenezaji wakubwa huzitumia. Zinahitaji mizani ndogo na kipimo cha asidi. Anayeanza aziache kwanza.

Katika miezi hiyo ya kungoja kuna kazi ya kuhamisha. Baada ya wiki sita hivi, chini ya chombo pana tabaka nene la mashapo, nusu yake chachu iliyokufa. Ukiiacha humo miezi mingi itaoza na kuupa mvinyo ladha ya nyama iliyolala. Hamisha kwa mpira safi kutoka chombo cha juu kwenda cha chini. Usivute kwa mdomo, kwa sababu kinywa cha binadamu kimejaa bakteria. Jaza mpira maji yaliyochemshwa, ziba ncha kwa kidole, tumbukiza upande mmoja, achia upande wa pili kwenye kikombe hadi maji yaishe na mvinyo uanze, kisha elekeza kwenye chombo kipya. Ncha ya chini iguse sakafu ya chombo ili mvinyo usirukeruke. Kuanzia hapa adui ni hewa. Mwanzoni chachu inaihitaji, mwishoni hewa huugeuza mvinyo kuwa na ladha ya tofaa lililokatwa likaachwa, na bakteria wa siki wakipata hewa wanamaliza kazi. Hamisha mara ya pili baada ya miezi miwili au mitatu. Kila mara chombo kijazwe karibu na mdomo, hata kama itabidi ziada ikae kwenye chupa ndogo.

Siku ya kufunga, weka gazeti nyuma ya chombo. Ukiweza kusoma habari, mvinyo umesafika. Ukiona ukungu, ngoja. Chupa zioshwe kwa brashi, kisha zichemshwe. Anza na maji ya baridi zikiwa ndani ili kioo kisipasuke, zichemke dakika kumi, zigeuzwe mdomo chini zichuruzike. Kwa anayeanza napendelea chupa ya bia ya kahawia yenye kifuniko cha bati, kwa sababu tatu: kioo chake kimetengenezwa kubeba gesi kiasi, rangi yake huzuia mwanga unaoharibu ladha, na kifuniko hufungwa kwa mashine ndogo ya mkono. Kizibo cha gome la mwaloni ni kizuri, hasa kwa miaka mingi, lakini kinataka mashine yake, na chupa yake lazima ilazwe ili kizibo kisikauke. Ya kifuniko cha bati isimame. Chupa za kurudishwa ni mali ya kiwanda, kwa hiyo siku mtakayofikiria kuuza mnunue zenu. Jaza kutoka chini kwenda juu kwa mpira uleule, acha nafasi ya upana wa vidole viwili chini ya mdomo, na usikimbilie kumaliza chombo: ule mvinyo wa mwisho ulio juu ya mashapo unyweni siku hiyohiyo, msiufunge.

Sasa kukomaa. Mvinyo wa asali ukiwa na miezi mitatu huwa mkali, unachoma koo, na asali yenyewe huisikii. Wengi hukata tamaa hapo na kuamua kwamba wameharibu. Ndani ya chupa kazi ya polepole inaendelea. Chembe za mwisho zinazama, asidi na kilevi vinaungana na kutoa harufu mpya za matunda na maua, na ule ukali wa mwanzo unalainika. Kufikia mwaka mmoja harufu ya asali hujitokeza tena, na asali nyeusi ya miombo, iliyoonekana nzito na chungu mwanzoni, mara nyingi ndiyo inayofaidika zaidi na muda. Nyeupe ya maua ya kahawa huwahi kuwa nzuri. Pahali pa kukomazia pawe pa giza na pasipobadilika joto mchana na usiku. Nyumba ya tofali yenye chumba cha upande usiopigwa na jua la mchana inatosha; dari la mabati halifai hata kidogo.

Kuhusu kungoja huko, kuna mtu mmoja ambaye watu wa mkoa huu wa Ruvuma wanapaswa kumfahamu. Mwaka 1898 wamisionari Wabenedikto walianzisha kituo cha Peramiho, mkoani humu. Mwaka huohuo, Ujerumani, alizaliwa mtoto ambaye baadaye aliitwa Bruda Adam, Mbenedikto naye. Akiwa na miaka 11 alipelekwa abasia ya Buckfast, Uingereza, akaishi huko karibu maisha yake yote hadi alipofariki mwaka 1996. Dunia inamjua kwa nyuki aliowazalisha kwa miongo mingi, na mwaka 1987, akiwa karibu na miaka 90, alifika kwenye miteremko ya Kilimanjaro kutafuta nyuki wa milimani. Lakini mfugaji nyuki huyu alitengeneza pia mvinyo wa asali, na aliulaza miaka kwenye mapipa ya mwaloni kabla ya kuutoa. Alikuwa na asali nyingi, na angeweza kuunywa mapema. Alingoja kwa kuwa alijua kinachopatikana kwa kungoja. Inaniuma kuona asali ya mkoa huu ikiondoka kwenye ndoo za lita 20 bila jina la kijiji wala la msitu, wakati chupa moja yenye tarehe, jina la Namswea na mwaka wa maua ingeweza kueleza yote hayo.

Mkifikia kuuza, sheria ziko wazi. Bidhaa ya kunywa husajiliwa na kupimwa na Shirika la Viwango Tanzania, kilevi kinahitaji leseni, na mvinyo wa chupa hubandikwa stempu ya kodi ya TRA. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) wanafundisha usindikaji, waulizeni mapema. Na pasiwepo mtu wa kuuchukua mvinyo huu akauchemsha kukusanya mvuke. Hiyo ni gongo, imekatazwa na sheria tangu miaka ya 1960, na inaua.

Mzee mmoja ameniuliza kabla hatujaanza: mtu akikuta kifuniko kimevimba afanye nini? Asiitikise, asiibebe mkononi kwenda kuwaonyesha majirani. Atoe watoto chumbani. Avae miwani yoyote iliyopo, afunike chupa zote za fungu hilo kwa gunia zito lililoloweshwa, na azingoje zipoe usiku kucha, kwa sababu gesi hutulia kwenye baridi. Alfajiri, gunia likiwa juu, azifungue moja moja kwa kifungulio, mdomo ukielekea ukutani, kila chupa ikae wazi hadi iache kuhema. Kisha azimimine zote kwenye chombo chenye mpira, apime, aanze kuhesabu miezi upya. Mvinyo huo haujaharibika. Ulifungwa mapema tu, na bado unanyweka ukipewa muda wake.